Majivu Ambayo Omolo Hakuyataja

Nakuru,
Jumatano, 14 Machi 1956

Kwa Shemeji Naftaly Omolo, Shamba la Bwana Lorrimer, Kabazi.

Shemeji,

Kuku mia mbili themanini na saba wa Bwana Lorrimer wamekufa katika siku kumi na mbili, na mzee Ngigi aliyekuwa akiwapikia chakula amekamatwa. Hayo aliyasema jana inspekta wa polisi hapa mjini, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, kalamu mkononi. Nimetanguliza habari kabla ya salamu. Utanisamehe, au utaniona mtu asiye na adabu, lakini habari hiyo haikuweza kungoja.

Sasa salamu. Mimi na Nabalayo hatujambo. Mtoto wetu amepanda darasa la nne. Mama yetu kule Kimilili aling'olewa jino mwezi uliopita na tangu siku hiyo anasema kila mtu anaongea kwa sauti ya chini. Msalimie dada yangu Nanyama na mtoto Achieng. Nimesikia Nanyama ni mjamzito tena. Mwambie mama ameuliza mwezi gani.

Nirudi kwenye kuku. Mwezi wa Januari ulikuja hapa ofisini kwetu gazetini ukiwa umevaa koti la Jumapili, ukanipa habari. Ulisema Bwana Lorrimer hutumia unga wa samaki kunenepesha kuku wake wa nyama, na kwamba unga huo hutoka mbali na huchelewa. Ukasema umepata njia ya kutumia mbegu za yale maharagwe ya mbolea, ile mimea inayotambaa ambayo yeye huipanda na kuilima ikazikwa ardhini kuongeza nguvu ya udongo. Kila mtu anajua ni ndugu wa upupu, ila huu hauwashi, na kila mtu anajua mbegu zake zikiliwa ovyo mtu hutapika. Wewe ulisema kuku sitini walizila wiki kumi, zikiwa zimesagwa na kuchanganywa na mahindi, wakawa na uzito sawa na wenzao wa unga wa samaki. Nilikuuliza sumu uliitoaje. Ulijibu, "Kuchemsha, shemeji. Kuchemsha na akili." Niliandika hivyo. Ilitoka gazetini tarehe 21 Januari, pamoja na jina lako.

Inspekta ameikata habari ile kwa mkasi na kuiweka kwenye faili la Ngigi. Alinisomea mstari wangu mwenyewe, halafu akasema, "Gazeti yako nasema maharagwe ni mazuri. Basi kuku nauawa na nani? Nauawa na mtu." Mtu mwenyewe ni Mkikuyu, mwaka ni huu wa hali ya hatari, na mapipa ya kuchemshia yalikuwa mikononi mwake. Inspekta hakuona haja ya kuuliza zaidi.

Mimi ninayo. Niandikie hatua kwa hatua namna maharagwe ya zile siku za mwanzo yalivyopikwa, na namna haya ya Februari yalivyopikwa. Usiruke kitu.

Shemeji yako,
Masinde


Kabazi,
30 Machi 1956

Shemeji Masinde,

Salamu nyingi za Pasaka. Sisi wazima. Achieng alikuwa na kikohozi kwa siku nane, sasa anacheza. Mvua imeanza, barabara ya kuteremka Subukia imekatika mara mbili na lori la maziwa lililala kwenye tope. Mbuzi amezaa pacha.

Barua yako imechelewa kunifikia. Unajua barua zetu huja katika mfuko wa posta wa Bwana, na nyapara Kiplangat huzigawa Jumamosi akiona amefurahi. Yako ilifika gundi yake ikiwa imebandikwa upya. Kwa hiyo nakuomba uandike kama mtu anayejua hivyo.

Kuhusu kuku. Mimi nilimpa Bwana maelezo yote, naye akayaandika kwenye karatasi kwa mkono wake. Karatasi iko kwenye msumari ndani ya stoo hadi leo. Inasema: loweka kutwa, mwaga maji, chemsha saa moja, mwaga maji, chemsha tena saa moja, anika, saga. Bwana aliposema sasa kuku wote mia nne wale chakula hicho, kazi ya mapipa alipewa Ngigi, kwa sababu mimi nilikuwa na kazi ya kupima na kuandika. Ngigi alikuwa peke yake na mapipa yale. Kilichoingia ndani yake mimi sikukiona. Hilo ndilo nililomwambia inspekta, na ni kweli.

Bwana hajanilaumu. Amesema karatasi ni nzuri na mtu ndiye mbaya. Tarehe 1 Juni nitahamia nyumba ya mawe karibu na banda, yenye sakafu ya simiti na dirisha la kioo, na cheo kitakuwa nyapara wa kuku. Hakuna mtu wetu aliyewahi kulala katika nyumba ile.

Mimi ni mtu wa kazi. Mambo ya polisi waachie polisi. Na habari ile ya Januari usiiguse tena.

Wako,
Naftaly Omolo


Nakuru,
Alhamisi, 5 Aprili 1956

Shemeji,

Ngigi hakutia sumu kwenye mapipa, na ushahidi uko nyumbani kwako. Aliyesema hivyo ni Wangare, mke wa Ngigi, ambaye amekaa kwenye kiti changu asubuhi hii na hakutaka chai. Amepewa pasi ya siku mbili kumletea mumewe blanketi. Barua hii anarudi nayo ndani ya nguo, kwa hiyo Kiplangat hataisoma, na mimi nitaandika nitakavyo.

Nabalayo anawasalimu. Mengine ya nyumbani tutayasema siku nyingine.

Umeniandikia kuhusu mbuzi, barabara na kikohozi. Umetaja dirisha la kioo. Barua nzima haina jina la dada yangu. Nilikuomba umpe salamu za mama, nikauliza mwezi gani. Hukujibu. Mtu anayeficha kitu huficha na chombo kilichokibeba.

Wangare ameeleza hivi, nami nimemhoji mara tatu nione kama atabadilisha, na hakubadilisha. Siku ya kwanza ya mapipa, mwezi wa Februari, Nanyama alitoka nyumbani na debe la munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo kwetu mwanamke huyachuja na kupikia mboga ngumu. Alisimama mlangoni mwa stoo akakuuliza, "Baba Achieng, na munyu je?" Kiplangat alikuwepo, na vibarua sita. Wewe ukasema, "Mama, hawa ni kuku wa Bwana, hawajaolewa Bungoma." Watu wakacheka. Ngigi naye alicheka, Wangare anasema, kwa sababu ilikuwa mzaha mzuri. Nanyama akasema, "Basi mtawaua." Ukamwambia arudi kwa sufuria zake. Aliumwaga ule munyu pale pale mlangoni akaenda.

Nakumbuka siku uliyokuja kwetu Kimilili mara ya kwanza. Mama alikupikia mboga ya mrenda kwa munyu. Ulionja, ukasukuma sahani, ukauliza kama chumvi imekwisha hata wakwe wanakupikia majivu ya jiko. Tulicheka pia. Ni mzaha uleule, umeutunza miaka tisa.

Sasa nijibu. Kuku sitini wa mwanzo, maharagwe yao yalipikwa na nani? Usiniambie "tulipika". Mikono ya nani?

Nimemwona Ngigi leo saa nane kupitia waya. Amekonda. Nilimuuliza alipikaje. Alisema, "Mimi napika kama karatasi. Kiplangat nasoma, mimi napika. Maji namwaga, maji namwaga. Karatasi haikosei, ni ya Bwana." Halafu akaniuliza kama wewe ni mzima. Nilimwambia ndiyo.

Masinde


Kabazi,
22 Aprili 1956

Masinde,

Sisi wazima. Achieng anasalimu.

Umesikiliza mwanamke ambaye mumewe yuko ndani, ukaamini kila neno kuliko la mume wa dada yako. Sawa. Wewe ni mtu wa magazeti, leo huyu, kesho yule. Mimi nimeamka saa kumi na moja kila siku kwa miaka saba nikichota mavi ya kuku wa mtu mwingine. Nimejifunza kumtibu kifaranga mwenye kuharisha, nimejifunza kupima, nimejifunza kuandika tarakimu kwa namna ambayo Bwana anasoma bila kuniita. Wewe uko kwenye kiti.

Unataka mikono. Haya. Nanyama ndiye aliyeyapika ya kwanza. Alitaka kuona kama yanaweza kuwa mboga, kwa sababu yalikuwa mengi na hakuna aliyeyataka. Mara ya kwanza yalitutapisha. Mara ya pili aliyalaza kwenye maji yake ya majivu kutwa nzima, na yale maji yakatoka meusi kabisa, akayamwaga, akachemsha kwa majivu mengine, akamwaga. Hatukuyala. Aliwapa kuku wetu watatu nyuma ya nyumba, nao wakanenepa. Ndipo mimi nikapata wazo la kuyapeleka bandani. Wazo lilikuwa langu. Kupima kulikuwa kwangu. Wiki kumi za kuandika zilikuwa zangu. Alichofanya yeye ni kupika, na kila mwanamke hupika.

Bwana aliponiita ofisini akaniuliza, "Nafanya namna gani?" alikuwa na wageni wawili. Wazungu watatu wameketi, mimi nimesimama na kofia mkononi. Bwana huyu akisikia neno kama majivu husema dawa ya wachawi. Alimfukuza mchunga mifugo kwa kumpaka ng'ombe kinyesi kwenye kidonda. Ningesema nini? Kwamba kuku wake wanakula mboga ya wakwe zangu? Nilisema maji. Nilidhani maji ndiyo yanayofanya kazi, na majivu ni mazoea tu ya Wabukusu, kama wengine wanavyopenda pilipili. Mtu akikosa katika jambo kama hilo si kuua.

Baada ya wale kuku kufa nilijaribu mwenyewe, kwa majogoo wawili. Niliyoyaona ni yangu.

Nanyama ana mimba ya miezi sita. Nikifungua mdomo tunatolewa shambani siku hiyohiyo, na mtoto atazaliwa kando ya barabara. Kwako atazalia wapi, kwenye landi ya reli, zile nyumba za wafanyakazi, unakopanga chumba kimoja? Ngigi ni mzee na hana mtoto mdogo.

Sitaandika tena juu ya hili.

N. Omolo


Nakuru,
Jumatano, 2 Mei 1956

Omolo,

Ngigi atahamishwa kwenda kambi ya kizuizini Ijumaa tarehe 25 Mei. Amesema inspekta, leo, saa tano. Hakuna mahakama. Akishaingia huko hakuna anayejua atatoka lini, na inspekta mwenyewe alisema hajui.

Sina salamu za leo. Wote wazima.

"Ngigi ni mzee na hana mtoto mdogo." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko sentensi yoyote iliyowahi kupita mikononi mwangu, na nimesoma nyingi mbaya. Mzee huyu ndiye aliyekusaidia kuezeka nyumba ulipofika Kabazi na dada yangu, hujui mtu. Uliniandikia hivyo mwenyewe mwaka wa 1949, na ninayo barua. Sasa amekuwa mzee wa kutosha kufungwa badala yako.

Hukukosea kwa kutojua kazi ya majivu. Mtu asiyejua hana hatia, na hata mimi sikujua, ingawa nimekula munyu tangu meno ya kwanza. Umekosea tangu siku ya majogoo. Umejaribu, umeona, na umenyamaza. Siku hiyo karatasi ile iliacha kuwa kosa ikawa uongo.

Na mimi nina langu. Nilikuuliza swali moja ukanijibu "akili," nikaandika akili. Sikumwuliza mtu mwingine. Dada yangu alikuwa amesimama nje ya ofisi siku ile, amembeba Achieng, nami nilitoka nikamsalimu nikarudi ndani kukusikiliza wewe. Miaka kumi na minne katika kazi hii, na nilimpita shahidi mlangoni.

Masahihisho yatatoka Jumamosi tarehe 19 Mei, uwe umejibu au hujajibu. Nitaandika kwamba chakula kile kilipatikana na Nanyama, mke wa Omolo, na kwamba karatasi iliyotundikwa stoo ilipungukiwa na kitu kimoja. Sitaandika uliyoyaona kwa majogoo, kwa sababu hukuniambia. Swali langu ni hilo moja tu. Uliona nini?

Barua hii inakuja kwa njia ya Wangare.

Masinde


Kabazi,
Alhamisi, 10 Mei 1956

Masinde,

Nanyama ameondoka Jumanne asubuhi. Ameondoka na Wangare kwa lori la maziwa la shamba la pili, amechukua chungu chake kikubwa, gunia dogo la majivu ya maganda, na madebe mawili ya maharagwe ya mbolea. Achieng amemwacha kwa jirani. Kwangu hakuacha neno. Barua yako ya mwisho haikufika mkononi mwangu ikiwa imefungwa. Wangare alimpa yeye kwanza, na wewe ulijua atampa yeye.

Nilimkataza. Kabla hajapanda nilishika mlango wa lori nikamwambia, mbele ya dereva, "Ukienda, usirudi na chungu hicho." Akasema, "Chungu ni cha mama yangu," akapanda.

Dereva ameeneza habari shamba zima. Kiplangat jana aliniuliza, "Naftaly, bibi ameenda kufungua hoteli?" Watu wakacheka, na safari hii mimi ndiye niliyesimama katikati.

Mwanamke wa miezi saba kwenye lori la madebe, katika barabara hii. Lolote likimpata, ni wewe. Kama yuko kwako mrudishe Jumapili.

Omolo


Nakuru,
Jumatano, 16 Mei 1956

Shemeji,

Mkeo ni mzima na mtoto tumboni anacheza. Amesema mkunga wa hospitali ya hapa, aliyempima Ijumaa. Mwezi ni Julai. Kwa hiyo sasa mama atajibiwa.

Jumapili uliyoitaja imepita, naye harudi bado. Nitakueleza alichofanya, bila kuongeza.

Jumatano tarehe 9 nilimpeleka kwa daktari wa mifugo wa serikali. Daktari alikuwa na haraka. Alimtazama, akatazama chungu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hapokei malalamiko ya wake za wafanyakazi. Nanyama aliniuliza amesema nini, nikamwambia. Akaweka chungu chini kwenye veranda, akakusanya mawe matatu kwenye maua ya daktari, akawasha moto. Karani alikimbia kumzuia. Nanyama akamwambia, "Wewe kaa tu, kijana. Ukiona njaa nitakugawia." Daktari alitoka kwa sababu ya moshi.

Alipotoka, Nanyama alikuwa na mabakuli mawili. Moja lilikuwa na maharagwe yaliyolowekwa kwa maji ya kisima tangu siku iliyotangulia, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. La pili lilikuwa na yaliyolowekwa kwa munyu muda uleule, na maji yake yalikuwa meusi, hayaoneshi kidole ukikitumbukiza. Nanyama alionesha lile jeusi akasema, nami nikatafsiri, "Hii imetoka ndani ya maharagwe. Kwa hii nyingine bado imo. Bwana, sasa unataka kuku wako ale ipi?" Daktari aliinama juu ya mabakuli muda mrefu. Halafu akaingia ndani akatoka na chupa mbili, akachukua maji ya pande zote mbili, na akamwambia karani alete kiti. Kiti kilikuwa cha Nanyama.

Jaribio lilianza Jumatatu tarehe 14. Kuku kumi wanakula maharagwe yaliyopikwa kama karatasi ya stoo inavyosema, na kumi wanakula ya Nanyama. Anayapika yeye, mbele ya karani, na daktari anapima kila asubuhi. Atatoa neno lake asubuhi ya tarehe 24, siku moja kabla ya Ngigi kuhamishwa. Leo asubuhi, siku ya tatu, kuku wanne wa upande wa karatasi hawakumaliza chakula.

Hata hivyo daktari ameniambia jambo ambalo lazima ulisikie kama alivyolisema: "Mimi naweza kusema kuku amekufa kwa nini. Siwezi kusema Lorrimer aliambiwa nini. Kuku hajui kusoma karatasi." Inspekta amesema vilevile. Bwana Lorrimer ameapa mbele yake kwamba karatasi ni maneno yako yote, hakuna lililopunguzwa. Neno la Nanyama juu ya ofisi ambayo hakuingia halina uzito. Kuna mtu mmoja anayejua majivu yaliachwa, na ni nani aliyeyaacha. Inspekta atakaa ofisini Alhamisi tarehe 24, saa nne asubuhi, kuandika maelezo. Baada ya hapo faili linafungwa.

Nilimuuliza dada yangu kama ana ujumbe kwako. Alikuwa akichuja majivu, hakuinua kichwa. Alisema, "Mwambie baba Achieng sikuja kumshitaki. Nimekuja kupika." Baadaye kidogo akaongeza, "Mwambie alijua tangu jogoo wa kwanza. Mimi ndiye niliyemzika." Sikumuuliza zaidi.

Nimeacha hasira yote nje ya barua hii. Haikuwa rahisi, na sikuiacha kwa ajili yako.

Masinde


Kabazi,
Jumapili, 20 Mei 1956

Shemeji Masinde,

Bwana Lorrimer ametupa hadi tarehe 31 kuondoka shambani. Alisema mwenyewe, jana saa kumi, baada ya mimi kumwambia. Nimeanza na hilo kama unavyopenda wewe.

Achieng mzima. Anauliza mama.

Gazeti lako lilifika jana mchana. Masahihisho yapo ukurasa wa nne, chini, karibu na bei za ngozi. Kiplangat alilisoma kwa sauti mlangoni mwa stoo, mahali palepale, na vibarua walikuwepo. Safari hii hakuna aliyecheka. Sijui kwa nini hilo lilikuwa baya zaidi. Alipomaliza aliitoa karatasi ya Bwana kwenye msumari, akanipa, akasema, "Hii ni yako."

Niliipeleka ofisini. Nilimwambia Bwana kulikuwa na majivu, na kwamba sikuyataja. Aliuliza kwa nini. Nilisema niliona haya. Alisema, "Haya? Kuku yangu mia tatu kwa sababu ya haya?" Halafu akauliza tena, akidhani hakunisikia, na nikasema tena. Hakuuliza habari za Ngigi. Nilimtajia Ngigi, akasema hiyo ni kazi ya polisi. Kwa miaka saba nimemwita mtu mwenye haki.

Uliuliza niliona nini. Nilifunga majogoo wawili nyuma ya choo tarehe 15 Machi. Wa kwanza nilimlisha kama karatasi. Siku ya tatu aliacha kula, siku ya tano alishindwa kusimama, siku ya saba alikufa. Wa pili nilimlisha yaliyopikwa kwa majivu, majivu niliyoyaiba jikoni kwa Nanyama wakati amekwenda kuchota maji. Huyo yupo hadi leo. Nanyama alimkuta wa kwanza kabla yangu, akamzika bila kuniambia, nami nilidhani ni mbwa amemchukua. Tulikaa nyumba moja mwezi na nusu, kila mtu akijua, na kila mtu akipokea chakula kutoka mkono wa mwenzake. Ndiyo barua ambayo hukuwahi kuipata.

Usidhani nimekusamehe. Ulimtumia dada yako kunivuta kwa shati mbele ya watu, na Nabalayo ataniangalia vipi nikiingia kwako sijui. Nitaingia hata hivyo, kwa kuwa hatuna kwingine. Chumba chako ni kimoja, tutalala jikoni. Usiandike jina langu tena, kwa sifa wala kwa masahihisho.

Mwambie Wangare sina neno la kumwambia ambalo linaweza kutosha, na kwa hiyo nitamwambia inspekta kwanza.

Naja na Achieng, karatasi ya Bwana, na yule jogoo wa pili kwenye kikapu, ili daktari ampime. Lori la maziwa linaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi tarehe 24. Dereva ameahidi kunishusha mbele ya kituo cha polisi kabla ya saa nne.

Naftaly Omolo